Sukari, Ngozi na Nuru: Maelezo ya Uangavu kwa Mifano ya Njia ya Misafara ya Tabora

Ngozi ya mtu, ijapokuwa ni nyembamba, haionyeshi kilicho nyuma yake kama kioo kionyeshavyo. Hata hivyo wataalamu wa nuru wamethibitisha kwamba ngozi hiyo hiyo, ikiingiwa na maji mazito ya sukari iitwayo glukosi, huongezeka uangavu kwa muda, kisha huirudia hali yake ya kwanza. Jambo hili lina pande mbili ambazo yapasa kuzitenga: kwanza, jinsi glukosi inavyosafiri ndani ya ngozi, pili, jinsi kuwapo kwake humo kunavyoubadili mwendo wa nuru. Kila upande una maneno yake, na maelezo ya Kiswahili huvurugika upesi iwapo neno moja, *kupenya*, litabebeshwa pande zote mbili.

Mifano ya kulifafanua jambo hili haina haja ya kutafutwa mbali. Yapatikana Tabora, na katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji. Burton na Speke waliingia Kazeh, mahali palipo sasa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Njia hiyo ilishusha pembe za ndovu na watumwa. Iliyoyapandisha bara ni mizigo ya nguo na ushanga. Nguo iliyotakiwa sana ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Ushanga ulikuwa wa kioo, wa rangi nyingi. Na Tabora yenyewe, mpaka leo, husifika kwa asali ya misitu ya miombo, irinwayo katika mizinga ya magome na ya magogo. Nguo, ushanga na asali: vitu hivi vitatu vyatosha kueleza yatokeayo katika ngozi.

Merikani iliyolowa

Merikani kavu humsitiri aivaaye. Ikinyeshewa na mvua, au mwenyewe akivuka mto, nguo ile ile huonyesha mwili. Maji hayakuondoa uzi hata mmoja, wala hayakuifanya nguo kuwa nyembamba zaidi. Kilichobadilika ni kile kilichomo kati ya nyuzi.

Unyuzi mmoja wa pamba, ukitazamwa peke yake, hupitisha nuru. Lakini nuru, kila itokapo katika kitu kimoja na kuingia katika kingine, hupindika njia yake, na sehemu yake hurudishwa nyuma. Kanuni ya mpindo huo ilijulikana kwa Ibn Sahl wa Baghdad karibu na mwaka 984, na ikapatikana tena Ulaya kwa kazi ya Willebrord Snell mwaka 1621. Kila kitu kipitishacho nuru kina namba yake, ambayo hapa itaitwa *kadiri ya mpindo*. Ya hewa ni 1.00, ya maji ni 1.33, ya pamba yapita 1.5 kidogo. Namba hizo peke yake si kitu. Lenye nguvu ni tofauti iliyopo baina yake. Katika merikani kavu nuru hutoka hewani ikaingia pambani, ikatoka tena hewani, mara nyingi mno, na kila mara hukutana na tofauti ya zaidi ya 0.5. Hivyo hutupwa huku na huku, na jicho huona weupe mtupu. Weupe huo si rangi iliyotiwa katika pamba, bali ni nuru iliyotawanywa. Maji yakishika mahali pa hewa, tofauti hushuka ikawa karibu na 0.2; nuru hutawanyika kidogo zaidi, na nguo huonyesha.

Hapa lugha ya kila siku imetangulia mbele ya kamusi. Husemwa kwamba nguo *yaonyesha*. Haisemwi kwamba yang'aa. Kivumishi *-angavu*, kwa upande wake, hubeba maana mbili: kitu kitoacho mwanga au kimeremetacho, na kitu kionekanacho upande wa pili. Katika makala haya *uangavu* watumika kwa maana ya pili tu: hali ya kupitisha nuru bila kuitawanya.

Ushanga ndani ya asali

Mfano wa pili ni wa ushanga. Asali iliyo safi na majimaji ina kadiri ya mpindo ya karibu 1.49, kioo cha kawaida kina 1.5 na zaidi kidogo. Ushanga wa kioo usio na rangi, ukitumbukizwa katika asali ya namna hiyo, hufifia kingo zake hata ukawa karibu kutoweka, kwa kuwa nuru huvuka kutoka asali hadi kioo bila kugundua mpaka. Huo ndio *ulingano*, na ulingano ukikamilika mtawanyiko huisha.

Lakini ushanga ukiwa wa kioo chekundu, jambo huwa jingine. Kingo zitafifia vile vile, ila wekundu utabaki. Sababu yake ni kwamba kioo chekundu hakitawanyi nuru, huimeza. Humeza sehemu nyingine za nuru, ikabaki ile nyekundu. Asali haiwezi kuzuia umezaji huo, hata ulingano ukiwa kamili. Basi kitu chaweza kukosa uangavu kwa sababu mbili zisizofanana: kwa kutawanya nuru au kwa kuimeza. Ulingano huiponya sababu ya kwanza peke yake. Tofauti hii ndiyo kiini cha yote yafuatayo.

Asali yenyewe ina funzo zaidi. Kwa kawaida ina fruktosi asilimia 38 hivi, glukosi asilimia 31 hivi, na maji asilimia 17 hivi. Kadiri maji yake yapungukavyo, ndivyo mpindo wake uzidivyo. Na kwa sababu hiyo wapimaji wa asali hutumia chombo kiitwacho refraktomita, ambacho husoma mpindo na kuugeuza kuwa kiasi cha maji. Katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, mpindo wa 1.4940 ni sawa na maji asilimia 17, na mpindo wa 1.4865 ni sawa na asilimia 20, ambayo kwa kipimo cha kimataifa cha Codex ndiyo mpaka wa juu kwa asali ya kawaida. Ndiyo kusema kwamba tone la asali ya Tabora likipimwa hivyo, mwuzaji na mnunuzi hutegemea kanuni ile ile iliyoifanya merikani ionyeshe.

Tena, asali iliyokaa huweza kuganda. Inayoganda ni glukosi: hujitenga na maji, ikawa chembechembe ngumu zenye kadiri ya mpindo isiyolingana na ya maji yaliyosalia. Mara asali iliyokuwa mfano wa kioo huwa nyeupe na nzito, haionyeshi tena. Na ikipashwa moto kidogo, chembe huyeyuka na uangavu hurudi. Basi glukosi iliyoyeyuka hupunguza mtawanyiko, na glukosi iliyoganda huuongeza. Sukari ni moja; kilichotofautiana ni ulingano wake na vitu vilivyoizunguka.

Ngozi na matabaka yake

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu ni epidermisi, ambalo sehemu nyingi za mwili unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu kabisa ya tabaka hilo pana utando wa seli zilizokufa na kukauka, ambao unene wake ni kama mikromita 10 hadi 20 tu. Chini ya epidermisi kuna dermisi, yenye unene wa milimita moja hadi mbili au zaidi, nayo imefumwa kwa nyuzi za kolajeni zilizolala ndani ya maji ya mwili.

Msomaji ataitambua merikani hapa. Maji yaliyo kati ya nyuzi yana kadiri ya mpindo ya karibu 1.35, nyuzi za kolajeni zina 1.41 hadi 1.47, kwa kadiri zilivyolowa. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya pamba na hewa, lakini nyuzi ni nyingi na zimesongamana, na nuru hutawanywa kabla haijafika mbali. Dermisi ni kama nguo iliyokwisha kulowa maji, lakini ambayo bado haionyeshi vya kutosha.

Umezaji nao upo. Damu humeza sehemu ya nuru. Na katika epidermisi imo melanini, ambayo huipa ngozi weusi wake na huizuia miale ikaushayo na kuunguza. Melanini ni mfano wa wekundu wa ule ushanga: haiondolewi kwa kulinganisha maji na nyuzi.

Maji yenye glukosi gramu 40 katika kila mililita 100 yana kadiri ya mpindo ya 1.39 hivi. Yakiingia dermisi, mambo matatu hutendeka. Kwanza, maji ya kati ya nyuzi huongezeka mpindo wake yakazikaribia nyuzi. Pili, sukari nyingi huyavuta maji ya tishu yatoke, kama chumvi ivutavyo maji katika nyama mbichi. Nyuzi husogeleana na ngozi hupungua unene. Tatu, molekuli za sukari hujiingiza katika viungo vilegevu vinavyoshikamanisha nyuzi za kolajeni, zikavilegeza kwa muda. Yote matatu huelekea upande mmoja: mtawanyiko hupungua, na nuru hufika ndani zaidi. Sukari ikiisha kuchukuliwa na maji ya mwili, au ngozi ikioshwa kwa maji ya chumvi kidogo, hali ya kwanza hurudi.

Safari ya glukosi

Ikiwa ndivyo, yaweza kuulizwa: mbona mrina asali, ambaye mikono yake imejaa asali tangu asubuhi, haioni mishipa yake ikitokeza? Jibu lipo katika ule utando wa juu. Seli zake zimepangwa kama matofali, na kati yake pana mafuta. Molekuli ya glukosi si kubwa. Uzito wake ni 180 tu kwa kipimo cha daltoni. Lakini hupenda maji na hukataa mafuta. Basi hukwama mlangoni. Katika ngozi nzima, isiyo na jeraha, glukosi ipakwayo juu hupita kidogo sana na polepole mno. Kwa hiyo watafiti hulazimika ama kuuambua utando huo kwa utepe wa gundi, ama kuutikisa kwa mawimbi ya sauti, ama kuichoma glukosi kwa sindano moja kwa moja katika dermisi.

Ikiisha kupita mlango, glukosi husafiri kwa namna nyingine kabisa. Haisukumwi wala haina njia. Kila molekuli hugongwa na molekuli za maji upande huu na upande huu, ikayumba bila mwelekeo. Lakini kwa kuwa zilizo nyingi ziko upande mmoja, zinazoondoka huko huzidi zinazorejea, na jumla yake ni kusambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Kanuni ya kusambaa huko ilitolewa na Adolf Fick, mganga wa Kijerumani, mwaka 1855, yaani miaka miwili kabla ya Burton na Speke kuingia Kazeh.

Msafara ulikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na kuijua njia. Ukienda masafa mara mbili, ulitumia siku mara mbili. Molekuli haina kirangozi. Masafa yakiongezeka mara mbili, muda huongezeka mara nne; yakiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Katika maji matupu yenye joto la nyuzi 25, glukosi huhitaji kama sekunde 7 au 8 kusambaa sehemu ya kumi ya milimita, dakika 12 hivi kusambaa milimita moja, na karibu dakika 50 kusambaa milimita mbili. Ndani ya dermisi muda huo hurefuka mara kadhaa, kwani yapasa kuzizunguka nyuzi. Wakati huo huo maji huenda upande wa pili, yakiifuata sukari iliko. Ndiyo maana uangavu wa ngozi haubadiliki ghafula bali hupanda kidogo kidogo, na unene wa ngozi ndio uamuao muda kuliko jambo lingine lolote.

Watafiti na kazi zao

Wazo la kuangaza tishu kwa ulingano si geni. Werner Spalteholz wa Leipzig, kufikia mwaka 1914, alikuwa amekwisha kuchapisha njia ya kuviangaza viungo vya maiti kwa kuvilowesha katika mafuta maalumu. Lakini dawa zake hazikufaa kwa mwili ulio hai. Tangu miaka ya 1990 Valery Tuchin na wenzake huko Saratov, Urusi, walichunguza vimiminiko visivyodhuru sana, glukosi na gliserini vikiwamo, na wakaonyesha kwamba ngozi iliyochomwa glukosi hubaki na uangavu ulioongezeka kwa muda. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba tartrazini, rangi ya manjano itiwayo katika vyakula, iliifanya ngozi ya panya walio hai ionyeshe viungo vya ndani. Ajabu ya kazi hiyo ni kwamba tartrazini humeza nuru ya buluu kwa nguvu, na kwa umezaji huo huo huongeza mpindo wa maji kwa nuru nyekundu, hivyo yaweza kuleta ulingano kwa kiasi kidogo kuliko sukari. Jaribio hilo lilikuwa la panya, ambao ngozi yao ni nyembamba sana kuliko ya binadamu.

Kisukari na kipimo cha nuru

Jambo hili lisingewahusu wengi kama lisingegusa maradhi ya kisukari. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 hivi kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za uchunguzi na watu waliochunguzwa hawakuwa sawa, lakini mwelekeo hauna shaka. Mgonjwa aambiwaye apime sukari kila siku hujichoma kidole kila siku, na kila mara hutumia kijikaratasi cha kupimia ambacho hununuliwa. Kipimo cha nuru, kisichotoboa wala kumaliza kitu, kingekuwa faraja kubwa kwa mtu wa Sikonge au Urambo aliye mbali na duka la dawa.

Mwaka 1994 yalichapishwa maoni ya kwamba, maadamu glukosi ya damu huenea pia katika maji ya tishu, kupanda kwake kungepunguza mtawanyiko wa nuru katika ngozi, na upungufu huo ungeweza kupimwa. Kwa asili hoja hiyo ni sahihi. Shida ni kiasi. Sukari ya mtu mzima kabla ya kula, akiwa mzima wa afya, huwa kama milimoli 4 hadi 5.5 katika lita moja ya damu. Ikifika 7 au zaidi, na kipimo kikirudiwa, huitwa kisukari. Maji ya glukosi yaliyotajwa hapo juu yana milimoli zaidi ya 2,200 katika lita. Sukari ikipanda kwa milimoli 5, kadiri ya mpindo ya maji ya tishu hupanda kwa karibu 0.00014 tu. Badiliko dogo namna hiyo huweza kufunikwa na joto la ngozi, jasho, au jinsi chombo kilivyokandamizwa. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Na hapo ndipo ushanga mwekundu urudipo. Chombo kipimacho nuru iliyorudi kutoka katika ngozi hupokea jumla ya mambo mawili: iliyotawanywa na iliyosalia baada ya kumezwa. Katika ngozi nyeusi melanini humeza zaidi, na nuru irudiyo ni chache. Chombo kilichosawazishwa kwa ngozi nyeupe chaweza kuhesabu umezaji kana kwamba ni badiliko la mtawanyiko. Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2020 utafiti uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba vyombo vya kidoleni vipimavyo oksijeni ya damu kwa nuru vilisoma kiwango cha kutosha, ilhali oksijeni ilikuwa imepungua, katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe. Chombo cha sukari kitakachotegemea badiliko dogo mara nyingi zaidi hakina budi kujaribiwa kwanza kwa watu wenye ngozi kama ya wenyeji wa Tabora, kabla ya kuuzwa kwao.

Maneno na mipaka yake

Kutokana na maelezo haya yaonekana kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili. Kinachotakiwa ni kila neno lishike zamu yake. *Kupenya* lifaa kwa glukosi ivukapo utando wa juu, kwa kuwa neno hilo hudokeza kizuizi na tundu. *Kusambaa* lifaa kwa mwendo wake ndani ya dermisi, ambako hakuna tundu bali wingi na uchache. *Kupitisha* ni kazi ya kitu chenye uangavu. *Kutawanya* ni kazi ya nyuzi zisizolingana na maji yake. *Kumeza* ni kazi ya rangi. Na *ulingano* ndio uletwao na sukari.

Maneno hayo yakichanganywa, yatasemwa mambo mawili ya uongo: kwamba sukari huing'arisha ngozi, na kwamba nuru huipenya ngozi ya kila mtu kwa kadiri moja. La kwanza laweza kumfanya mtu apake mwilini asiyohitaji kupaka. La pili laweza kumfanya mganga aamini namba asiyopaswa kuiamini. Yakitengwa, hata asiyesoma fizikia aweza kuuliza swali lipasalo mbele ya chombo kipya: je, chombo hiki hupima nuru iliyotawanywa, au iliyomezwa, na kilijaribiwa kwa ngozi ya nani?